Oda ya Saa Kumi Alasiri

Saa kumi alasiri, kwenye ukumbi wa kupakia maua kandokando ya Ziwa Naivasha, meza zimejaa waridi. Wanawake waliovaa makoti mazito na glovu wanapima mashina kwa urefu, wanapukutisha majani ya chini, wanafunga mafungu na kuyavisha plastiki yenye nembo ya supamaketi ya Ulaya, bei ikiwa imeshachapishwa kwa sarafu ya huko. Baridi ya ukumbini ni ya makusudi, kwa kuwa waridi likipata joto hufunguka kabla ya safari. Zamu inakaribia kwisha. Wenye watoto wadogo wameanza kuitupia macho saa ya ukutani, maana jirani anayewashikia watoto kule Karagita naye ana nyumba yake ya kuangalia. Simu ya ofisini inalia. Mnunuzi ameongeza oda, na ndege ya mizigo ya usiku kutoka Nairobi haimsubiri mtu. Msimamizi anaingia.

"Akina mama, leo tunamalizia na hii ya nyongeza."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka iishe."

Pembeni ya mlango wa ukumbi huohuo limebandikwa tangazo. Linasema kazi ya saa za ziada ni ya hiari, na kwamba kwa wiki nzima, kazi ya kawaida na ya ziada zikijumlishwa, mtu asizidishe saa 60. Maneno ya namna hiyo yamo katika kanuni za ETI, umoja wa makampuni, vyama vya wafanyakazi na mashirika ya kiraia ulioanzishwa Uingereza mwaka 1998, na wanunuzi wengi huyaingiza kwenye mikataba yao na mashamba. Shamba limeyatilia saini. Lisingetia saini, lisingepata oda. Kwa hiyo tangazo na simu vimetoka kwa mnunuzi yuleyule, kupitia ofisi mbili zisizoonana: ya maadili na ya manunuzi. Ikifika jioni, inayosikilizwa ni ile ya manunuzi, kwa sababu ndiyo inayolipa.

Nimeanza na ukumbi huu kwa sababu mjadala wa mikataba ya mnyororo wa ugavi huendeshwa kana kwamba kazi iliyobaki ni ya mawakili kuongeza vifungu. Vifungu vipo tele. Kuna vinavyokataza ajira ya watoto, kazi ya kulazimishwa, dawa zilizopigwa marufuku, ukataji wa misitu. Swali ninalolishikilia ni hili: vinamfunga nani? Naamini mkataba wa biashara unaweza kumlinda mchuma maua na ziwa analoishi kando yake. Lakini utaweza pale tu unapomfunga mnunuzi pia, katika bei anayotoa, muda anaotoa, na namna anavyoondoka mambo yakiharibika.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tutegemee mkataba badala ya sheria. Sheria ya kazi ya Kenya ipo, na ya Tanzania ipo. Tatizo ni kwamba maamuzi yanayounda siku ya mfanyakazi hufanyika nje ya mipaka ambayo mkaguzi wa kazi wa Nakuru au wa Arusha anaweza kufika. Mkataba ni miongoni mwa kamba chache zinazovuka mipaka hiyo. Mwaka 2011 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa liliidhinisha Misingi ya Biashara na Haki za Binadamu iliyoandaliwa na Profesa John Ruggie, na humo imeelezwa wazi kwamba kampuni yenye uwezo wa kumshawishi mshirika wake inapaswa kuutumia uwezo huo kuzuia madhara. Mnunuzi mkubwa ana ushawishi ambao mkuu wa wilaya hana. Anaweza kusema "sinunui", na shamba zima likasikia.

Makampuni ya Marekani yaliligundua hilo mapema. Levi Strauss iliandika masharti yake kwa wenye viwanda mwaka 1991, Walmart ikafuata 1992. Mwanzoni zilikuwa ahadi za kuonyesha wateja, kisha zikaingizwa ndani ya mikataba ya ununuzi. Wahenga walisema ahadi ni deni, na kuna watu waliojaribu kulidai deni hilo mahakamani. Yaliyowapata yanafundisha kuliko vitabu vingi.

Mwaka 2005 wafanyakazi wa viwanda vya China, Bangladesh, Indonesia, Nikaragua na Swaziland, ambayo leo ni Eswatini, waliishtaki Walmart huko California. Hoja yao ilieleweka hata kwa mtu asiyesoma sheria. Mikataba kati ya Walmart na waajiri wetu, walisema, ina masharti ya mishahara, saa na usalama. Inasema Walmart inaweza kuja kukagua. Masharti hayo yaliandikwa kwa ajili yetu sisi, hakuna mwingine. Hayakufuatwa, na Walmart ilijua. Mwaka 2009 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliwakatalia. Majaji waliyasoma maneno ya mkataba moja baada ya jingine, wakaona kwamba Walmart ilikuwa imejipa haki ya kukagua, bila kujitwisha wajibu wa kukagua. Na kwa kuwa haikuwa imeahidi lolote kwa wafanyakazi, wafanyakazi hawakuwa na cha kudai.

Haki na wajibu: tofauti ya neno moja, na ndani yake ndimo walimozama watu wa nchi tano. Mwenye haki ya kukagua anaweza kukagua leo, akaacha kesho, akaona na kunyamaza, bila kuvunja chochote. Anayelazimika ni mwenye kiwanda peke yake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na aliyeandika mkataba ule hakuwahi kuubeba.

Kuna kizingiti kingine nyuma ya hicho. Kanuni ya kale ya sheria ya Kiingereza, ambayo Kenya na nchi nyingi zilizotawaliwa na Uingereza ziliirithi, inasema mkataba ni wa walioufunga. Mtu wa nje hawezi kuudai hata kama manufaa yameandikwa kwa jina lake. England yenyewe iliilegeza kanuni hiyo kwa sheria ya mwaka 1999, inayomruhusu mtu wa tatu kudai pale mkataba unapokusudia kumnufaisha. Habari njema, ungedhani. Lakini sheria hiyohiyo inawaruhusu wenye mkataba kuifungia mlango, na mawakili wa biashara wamefanya hivyo kuwa desturi. Karibu na mwisho wa mikataba mingi ya ununuzi inayoongozwa na sheria ya England, kati ya anwani za kupelekea barua na lugha ya mkataba, kuna mstari usemao kwamba asiye mshirika wa mkataba huu hana haki yoyote chini yake. Ukurasa wa tatu unataja heshima ya wafanyakazi. Ukurasa wa mwisho unawatoa nje.

Basi kinachobaki kumlinda mfanyakazi ni kiapo cha mwuzaji kwamba kila kitu ki shwari, na cheti cha mkaguzi wa kuthibitisha kiapo. Tarehe 11 Septemba 2012 kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises mjini Karachi kiliungua. Zaidi ya watu 250 walikufa, wengi nyuma ya madirisha yenye nondo na milango isiyofunguka. Wiki chache tu kabla ya moto kiwanda kilikuwa kimepata cheti cha SA8000, kinachoheshimika sana katika biashara hiyo. Mnunuzi wake mkuu, kampuni ya KiK ya Ujerumani, alishtakiwa Dortmund na mtu mmoja aliyenusurika pamoja na wazazi wa marehemu. Mwaka 2019 mahakama ikaamua kwamba muda wa kudai chini ya sheria ya Pakistan ulikuwa umepita. Fidia ya dola milioni 5.15 ambayo kampuni ilikubali kuitoa mwaka 2016 ilipatikana kwa mazungumzo yaliyosimamiwa na Shirika la Kazi Duniani. Mkataba wa ununuzi haukuwafungulia mlango.

Wengi huona Karachi kama habari ya mkaguzi mzembe. Mimi naona tatizo limeanzia kwenye sentensi ya mkataba. Mwuzaji anapotakiwa kuapa kwamba hakuna ukiukaji wowote katika kiwanda chake wala kwa wanaomuuzia yeye, na kwamba ukipatikana hata mmoja oda itafutwa, umemfundisha kuficha. Hakuna shamba lenye vibarua elfu moja lisilo na msimamizi mmoja mkorofi, au stoo moja yenye pampu ya dawa inayovuja. Mkweli anapoteza biashara. Mwongo anapata cheti. Ndiyo maana wakaguzi wanayajua vizuri madaftari mawili ya mahudhurio, moja la mgeni na moja la malipo.

Mawakili wenyewe wameliona hilo. Kikundi cha Chama cha Mawakili cha Marekani kilitoa vifungu vya mfano mwaka 2018 vilivyofuata njia ya zamani: bidhaa iliyotengenezwa kwa kazi ya kulazimishwa ihesabiwe kuwa mbovu, sawa na shati lenye tundu, na mnunuzi aweze kuikataa. Wazo lilikuwa na nguvu yake. Lakini toleo la pili, la mwaka 2021, liligeuza mwelekeo. Kiapo cha usafi kamili kiliondolewa. Mahali pake uliwekwa wajibu wa pande zote mbili wa kutafuta madhara, kuyakiri, kuyazuia na kuyarekebisha. Mnunuzi naye ana kanuni zake za mwenendo: bei inayotosheleza gharama za kufuata masharti, oda zisizobadilishwa ovyo, na kushiriki kutibu madhara aliyochangia. Kurekebisha madhara ya watu kumewekwa mbele ya kumlipa mnunuzi fidia. Vifungu hivyo ni vya hiari, na kampuni inaweza kuvipita bila kuvigusa. Hata hivyo vilimaliza hoja moja iliyokuwa ikirudiwa sana, kwamba haiwezekani kuandika mkataba wa namna hiyo.

Ulikuwa umeshaandikwa, tena kwenye kifusi. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza liliporomoka Savar, nje ya Dhaka. Watu zaidi ya 1,100 walikufa. Siku moja kabla nyufa zilionekana ukutani, benki iliyokuwa chini ikafunga, na wafanyakazi wa viwanda vya juu wakaamriwa kurudi kwenye mashine kwa sababu kulikuwa na oda za kutimiza. Mwezi uliofuata makampuni ya mitindo yalianza kutia saini Makubaliano ya Bangladesh juu ya usalama wa moto na majengo, na hatimaye yakafika zaidi ya 200. Nasisitiza nani alitia saini na nani, kwa sababu hapo ndipo penye jambo jipya. Upande mmoja walikuwa wanunuzi. Upande wa pili yalikuwa mashirikisho ya kimataifa ya wafanyakazi, IndustriALL na UNI, pamoja na vyama vya Bangladesh. Mfanyakazi hakuwa tena mtu wa tatu anayechungulia dirishani. Alikuwa mshirika wa mkataba, na mshirika anaweza kudai.

Masharti yake pia yalimgusa mnunuzi mfukoni. Alilazimika kukubaliana na kiwanda bei na masharti yatakayokiwezesha kumudu gharama za usalama, iwe kwa mkopo, kwa malipo ya awali au kwa bei yenyewe. Aliahidi kutohama Bangladesh haraka kwa kukimbia gharama. Mfanyakazi alipewa haki ya kukataa kuingia jengo analoliona la hatari, na kiwanda kikifungwa kwa matengenezo mshahara uendelee hadi miezi sita. Ripoti za wahandisi zilitangazwa hadharani. Viwanda zaidi ya 1,600 vilikaguliwa.

Na deni lilidaiwa. Mwaka 2016 mashirikisho hayo yaliyapeleka makampuni mawili kwenye usuluhishi huko The Hague, yakidai kwamba hayakuvisaidia viwanda vyao kugharimia matengenezo kama yalivyoahidi. Majina ya makampuni yalibaki siri. Kesi zote mbili ziliisha kwa suluhu, na katika moja yao, iliyotangazwa Januari 2018, kampuni ilikubali kutoa dola milioni 2.3, sehemu kubwa kwa ajili ya matengenezo ya viwanda zaidi ya 150. Linganisha na kesi ya California. Aina ya biashara ni ileile, wanyonge ni walewale. Kilichotofautiana ni saini na kifungu cha wajibu.

Sitaki kuyapamba makubaliano hayo. Yalihusu moto na majengo. Mishahara na haki ya kujiunga na chama vilibaki karibu pale pale. Tena yalizaliwa na msiba uliotazamwa na dunia nzima kwenye televisheni, na hatuwezi kungoja misiba ya namna hiyo ili tupate mikataba. Lakini mbegu imeota kwingine. Mwaka 2019 huko Lesotho, baada ya uchunguzi kufichua kwamba wasimamizi katika viwanda vya jeans vya kampuni ya Nien Hsing walikuwa wakiwalazimisha wanawake ngono ili wabakishwe kazini, mwenye viwanda na wanunuzi watatu, Levi Strauss, Kontoor na The Children's Place, walifunga makubaliano na vyama vya wafanyakazi na mashirika ya wanawake ya nchi hiyo. Chombo huru kilianzishwa cha kupokea malalamiko, chenye uwezo wa kuamua adhabu ya msimamizi. Kiwanda kikikaidi, wanunuzi wanapunguza oda. Miaka minne baadaye, Februari 2023, BBC ilitangaza madai yanayofanana sana kutoka mashamba ya chai ya Kericho, mashamba yaliyokuwa na vyeti na kanuni za maadili kwa miaka mingi. Wanawake wa Kericho hawakuwa na mkataba kama wa Lesotho.

Hapo tunarudi kwenye bei na muda, sehemu ambayo wanunuzi huikwepa kuliko zote. Machi 2020, ugonjwa wa Uviko-19 ulipofunga maduka ya Ulaya na Marekani, wanunuzi walifungua mikataba yao na kukuta kifungu cha majanga yasiyozuilika. Wenye viwanda wa Bangladesh walihesabu oda za zaidi ya dola bilioni 3 zilizofutwa au kusimamishwa, nyingine zikiwa zimeshashonwa, kitambaa kimeshalipiwa. Naivasha maua yalikatwa na kumwagwa mashimoni, na maelfu ya watu wakarudishwa makwao. Ukisoma mikataba ya namna hiyo unakuta mnunuzi amejipa milango mitatu minne ya kutokea, na mwuzaji hana hata mmoja. Hasara ikaanza kuteremka ngazi kwa ngazi, ikafika kwa mtu asiye na wa kumteremshia.

Ulaya imejaribu kuziba baadhi ya milango hiyo, na hapa naona jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha kwetu. Watu wanataja sana sheria kubwa: ya Ufaransa ya 2017, ya Ujerumani iliyoanza kutumika 2023, na ile ya Umoja wa Ulaya ya 2024 ambayo mwaka uliofuata utekelezaji wake ulisogezwa mbele na wanasiasa wakaanza kuipunguza makali. Sheria hizo zina maana. Ile ya Ulaya, kama ilivyopitishwa, inaitaka kampuni iangalie pia mwenendo wake wenyewe wa kununua, na ofisi inayosimamia sheria ya Ujerumani imeonya kwamba kampuni haiwezi kuwarundikia wauzaji wajibu wake wote kwa kifungu kimoja cha mkataba. Bado wengi wanafanya hivyo, na wauzaji wetu wanajaza madodoso marefu yanayouliza mambo yaleyale kwa maneno tofauti.

Yenye meno ya karibu zaidi, kwa mkulima wa waridi au wa mishiri, yaani maharagwe mabichi ya maganda, ni sheria isiyo na neno "haki za binadamu" kwenye jina lake. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2019 kuhusu mienendo isiyo ya haki katika biashara ya mazao linamkataza mnunuzi mkubwa kufuta oda ya mazao yanayoharibika kwa taarifa fupi, na taarifa isiyofika siku 30 huhesabiwa fupi. Linamkataza kuchelewesha malipo ya mazao hayo kupita siku 30, na kubadilisha masharti peke yake. Linamgusa hata mwuzaji aliye nje ya Ulaya, na maua yamo. Uingereza nayo ina kanuni zake za supamaketi na msimamizi wake tangu 2013, lakini ukisoma tafsiri ya neno "bidhaa" katika kanuni hizo unakuta maua yametolewa. Mishiri ya Kirinyaga inalindwa mkononi mwa anayeuza moja kwa moja kwa supamaketi. Waridi la Naivasha linalosafiri ndege ileile halilindwi.

Kuna pia biashara isiyofikiwa na lolote kati ya haya. Maua yanayouzwa kwenye mnada wa Aalsmeer, Uholanzi, hupata mnunuzi kwa sekunde chache saa ya mnada inapozunguka, na mnunuzi huyo hajaahidi kitu kwa mtu yeyote. Mauzo ya moja kwa moja yamekuwa yakiongezeka, na kwa mkulima yana hatari yake ya kutegemea supamaketi moja. Faida yake ni kwamba angalau kuna karatasi ya kubishania.

Na mnunuzi akitaka kuondoka? Oktoba 2020, baada ya madai ya ukatili wa walinzi wa kampuni ya Kakuzi huko Murang'a kuchapishwa Uingereza, Tesco na wenzake walisitisha ununuzi wa maparachichi yake. Februari 2021 kampuni mama, Camellia, ilitangaza suluhu ya kugharimu hadi pauni milioni 4.6 na Wakenya waliokuwa wameishtaki. Siwezi kusema kusitisha hakukusaidia. Kampuni iliyokuwa imeshashtakiwa ilipata sababu ya pili ya kuharakisha. Lakini kuna wachumaji wa maparachichi ambao hawakumpiga mtu, na kwao kusitishwa kwa oda ni msimu bila kipato. Mkataba mzuri unaweka hatua kati ya kunyamaza na kuondoka: taarifa, mpango wa marekebisho wenye tarehe, mchango wa mnunuzi, na kuondoka kama dawa ya mwisho, tena baada ya kupima nani ataumia. Anayeondoka siku gazeti linapotoka anaokoa jina lake.

Kwa mazingira mkataba una udhaifu wa aina nyingine. Mfanyakazi yumo ndani ya shamba, ila ziwa ni la wote. Mwaka 2009 ukame ulilishusha Ziwa Naivasha vibaya, na mapema 2010 samaki wakafa kwa wingi. Kila shamba lilikuwa na mkataba wake na mnunuzi wake, wenye kipengele cha matumizi mazuri ya maji, na kila moja liliweza kuonyesha mita zake. Hakuna mkataba hata mmoja uliokuwa na ziwa zima ndani yake, wala mkulima wa viazi wa Wanjohi kule juu ambaye udongo wake huteremka na mvua mpaka ziwani.

Ndiyo maana naupenda mpango uliojaribiwa pale wakati huohuo kwa msaada wa WWF na CARE. Watumiaji wa maji wa chini, wakiwemo wenye mashamba ya maua, walifunga makubaliano na wakulima wadogo wa juu. Wakulima wakapanda vipande vya nyasi kukata mteremko, wakaacha kulima hadi ukingo wa mto, wakapanda miti ya matunda. Kwa malipo walipata vocha za pembejeo, kiasi kidogo, za kununulia mbegu na mbolea dukani. Mamia ya wakulima walijiunga. Vocha hazitoshi kuokoa ziwa. Ila zilionyesha mkataba unavyoweza kufuata njia ya maji badala ya kufuata njia ya ankara, na yule anayefaidika chini akamlipa anayefanya kazi juu.

Sheria ya Ulaya ya kahawa na mazao mengine yasiyotokana na misitu iliyokatwa baada ya 31 Desemba 2020 imechagua njia ya kinyume. Tarehe yake ya kuanza imesogezwa zaidi ya mara moja, lakini maandalizi yameshafika vijijini: kila shamba liwe na alama zake za ramani, na lililozidi hekta 4 lichorwe mipaka yake yote. Nia ni njema. Ila sheria haikusema nani atamlipa kijana anayezunguka na simu kwenye migomba na mibuni ya Kagera au Masaka, wala ramani ikishachorwa ni mali ya nani. Mambo hayo yameachwa kwenye mikataba, na kwenye mikataba mwenye nguvu ndiye anayeshika kalamu. Chama cha msingi cha ushirika kinachochora ramani kwa gharama ya mnunuzi, kisha kikakuta ramani hiyo hakiwezi kuitumia kwa mnunuzi mwingine, kimejifunga kamba. Kifungu cha kudai ni kifupi: ramani ni ya wakulima, mnunuzi anaitumia kwa ruhusa yao. Kidaiwe sasa, kabla desturi haijawa ngumu.

Nikiulizwa Afrika Mashariki ianzie wapi, nitarudi kwenye maua, kwa sababu vipande viko tayari. Kenya ina chama cha wafanyakazi wa mashamba na umoja wa waajiri wa kilimo, ambao wamekuwa wakijadiliana mkataba wa hali bora wa wafanyakazi wa maua kwa miaka mingi. Mkataba huo unasainiwa hapa. Mkataba wa supamaketi unasainiwa kule. Hakuna unaoujua mwenzake. Mshahara ukipanda kwa makubaliano ya hapa, bei ya kule haisogei, na tofauti inatafutwa kwenye idadi ya mashina ambayo mtu anatakiwa kuyafunga kwa saa. Mafuta ya ndege hayatendewi hivyo. Yakipanda, mashirika ya ndege yanaongeza tozo juu ya nauli ya mizigo, na biashara inaizoea. Kama bei inaweza kufuata mafuta, inaweza kufuata mkataba wa hali bora: mistari miwili mitatu inayosema mshahara uliokubaliwa ni sehemu ya gharama isiyojadiliwa, na ukibadilika bei inabadilika nao.

Mistari mingine miwili ingefuta ule wa mwisho unaowatoa wafanyakazi nje, na kukitaja chama chao kuwa na haki ya kudai masharti ya saa na usalama mbele ya msuluhishi. Na mmoja ungeweka saa ya mwisho ya kubadilisha oda, tuseme saa tano asubuhi; anayetaka nyongeza baada ya hapo anaruhusiwa kuomba, shamba linaruhusiwa kukataa bila adhabu, na likikubali gharama ya saa za ziada inaingia kwenye ankara yake kwa mstari wake peke yake.

Simu ya saa kumi ingeendelea kulia, kwa kuwa hali ya hewa ya Ulaya haitabiriki. Msimamizi angeipokea, angeitazama saa ya ukutani, na angeweza kujibu, "Hiyo tutaipakia kesho asubuhi."